Buibui la Miguu Minane

Binti yangu alipokuwa darasa la pili alimpigia simu bibi yake Tanga kumwambia kwamba safari hii Halloween atavaa buibui. Neno Halloween bibi hakulishika, alilishika la mwisho. "Alhamdulillahi," alisema, "mtoto kaanza kupenda kujisitiri." Ikabidi niichukue simu nieleze kwamba buibui anayesemwa ni yule mdudu wa kwenye kona za dari, na kwamba mshonaji ni mimi.

"Unashona mdudu," alisema mama.

"Ndiyo mama, nashona mdudu."

Tunaishi Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Mtaani kwetu Kiswahili unakisikia cha Bujumbura, cha Bukavu, cha Nairobi na hiki chetu cha pwani, na kila ifikapo katikati ya Oktoba hodi huanza: mama fulani kaambiwa na shule mwanawe avae vazi la kuigiza, mwingine kaona maboga kwenye baraza za majirani naye hataki nyumba yake iwe pekee yenye giza. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaeleza, nikiwa nimesimama jikoni na mkasi mkononi.

Kabla ya mkasi, tazama saa. Halloween yenyewe ni tarehe 31 Oktoba. Des Moines tuna jambo letu, Beggars' Night, yaani usiku wa waombaji, ulioanzishwa mwaka 1938 ili watoto waliokuwa wakivuruga mitaa usiku wa Halloween wapate shughuli ya kistaarabu, na kwa miaka mingi ulifanyika tarehe 30. Watoto hupita mlango kwa mlango kuomba peremende kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. Na jua la mwisho wa Oktoba huku linazama muda mfupi tu baada ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo kazi ya mikono yako itaonekana gizani, kwa mbali, tena mtoto akiwa ndani ya koti la baridi, kwa sababu jioni hizo huweza kuteremka hadi karibu na kuganda.

Duka halikwambii hayo. Duka linakuonyesha vazi chini ya taa nyeupe, mbele ya kioo, ndani ya jengo lenye joto. Mwaka wetu wa kwanza nilinunua gauni la binti mfalme, kitambaa chepesi kama ganda la kitunguu. Saa kumi na mbili na robo gauni lilikuwa chini ya koti, na barabara nzima ilimwona binti mfalme aliyevaa koti la shule. Tangu hapo kila vazi nalipima kwa maswali matatu. Linapita juu ya koti? Umbo lake linatambulika ukiwa ng'ambo ya barabara bila kuona rangi? Mtoto anaweza kupanda ngazi nalo huku ameshika mfuko wa peremende? Likishindwa moja, nalifumua.

Buibui alifaulu yote. Nilikwenda kwenye duka la nguo zilizovaliwa (huku ndiko mitumba inakoanzia safari yake) nikachukua sweta jeusi lenye kofia, saizi mbili juu ya mwili wa mtoto, lipite juu ya koti bila kumbana. Nikachukua na taiti nyeusi za wanawake jozi tatu, ambazo ukizikata kiunoni zinakupa miguu sita. Mikono ya mtoto mwenyewe inatimiza minane. Kuna wanaoshona minane juu ya mikono miwili wakapata mdudu wa miguu kumi, ambaye mtoto wa darasa la pili hatakusamehe.

Miguu jaza mifuko ya plastiki ya dukani iliyokunjwakunjwa. Magazeti ni mazito, na mvua ikinyesha yanalowa yakamvuta mtoto mabega; mifuko ni myepesi na maji hayaidhuru. Usishindilie. Mguu uliojaa sana unasimama kama soseji, ule uliojaa robo tatu unapinda mahali unapotaka upinde. Funga uzi katikati ya kila mguu upate goti. Kisha shona mitatu kila upande wa sweta, kuanzia chini kidogo ya kwapa kuteremka hadi kiunoni, ukiacha kiganja kimoja kati ya mguu na mguu.

Sasa ndiyo sehemu inayomfanya buibui awe hai. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni usioonekana, ufunge kwenye kiwiko cha mkono wa sweta, uteremshe hadi kwenye goti la mguu wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, kila kipande kikiwa na urefu kama wa shibiri. Mtoto akiinua mikono, miguu yote inainuka pamoja naye. Hakuna betri wala mtambo. Mtoto akishagundua hilo hatembei tena kama binadamu, anatembea akiwa ameinua mikono, na wewe nyuma yake unaona kivuli chake ukutani kinavyojikunja na kujikunjua.

Kwenye kofia ya sweta gundisha vizibo vinane vya soda, viwili vikubwa mbele na sita vidogo juu, kwa sababu buibui wengi wana macho manane. Mwisho, zungushia kila mguu pete za utepe unaoakisi mwanga, ule wa mafundi wa barabara. Unauzwa kwenye maduka ya baiskeli na ya vifaa vya ujenzi. Watoto wengi hufikiri utepe unaharibu vazi. Mwache mtoto wako asimame barabarani kwenye taa za gari yako, kisha mwonyeshe picha: pete ishirini zinazong'aa zikielea gizani. Hatalalamika tena, na dereva wa kweli atamwona mapema. Jioni hiyo watoto ni wengi barabarani na wamevaa nyeusi, na hatari ya kugongwa na gari ni kubwa kuliko jioni ya kawaida. Nalitaja hili mbele ya mizuka yote kwa sababu ndilo jambo pekee la Halloween linaloniogopesha mimi.

Kaka yake alitaka popo. Popo ni kazi ya dakika ishirini: mwavuli mweusi uliokwisha kufa, ng'oa vyuma vyote, kata kitambaa katikati upate nusu mbili, kila nusu ishone chini ya mkono wa sweta kutoka kiganjani hadi kiunoni. Ule mkato wa mawimbi kwenye ukingo wa mwavuli tayari ni bawa la popo. Ila kisa cha Popobawa, yule pepo, usimsimulie mtoto wakati unashona. Mwaka 1995 huko Unguja na Pemba kilitosha kuwafanya watu wazima walale nje ya nyumba zao, sembuse mtoto wa chekechea.

Zimwi linataka subira zaidi. Pika uji: kikombe kimoja cha unga wa ngano kikoroge na kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, koroga dakika chache mpaka uwe mwepesi unaong'aa, tia kijiko cha chumvi ili usiote ukungu. Puliza puto liwe kubwa kidogo kuliko kichwa, lipake mafuta ya mgando, kisha libandike vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye uji. Gazeti lichane kwa mkono, usilikate kwa mkasi. Kingo zilizochanika hulala na kushikana, zilizokatwa huacha mistari. Tabaka la kwanza likauke siku nzima ndipo uweke la pili, na la tatu vivyo hivyo. Anayeharakisha hapa hupata zimwi linalonuka. Likikauka toboa puto, kata nusu ya chini, pua ijenge kwa kipande cha trei ya mayai, meno kwa kadibodi, paka rangi.

Halafu usimvike usoni. Kinyago cha kufunika uso mzima kinampa mtoto matundu mawili ya kuonea na jasho la kumpofusha, naye ana ngazi za kupanda. Kiweke juu ya paji la uso kama kofia, mbele kikiegemea kidogo, ili mtoto atazame nje kupitia chini ya meno ya zimwi. Anaona njia yake vizuri, na kwa anayemtazama limeongezeka zimwi refu kuliko mtoto yeyote wa darasa la tatu.

Tutoke kwenye miili twende nyumbani. Pambo bora nililowahi kutengeneza halikunigharimu kitu: macho kichakani. Kusanya vigogo vya karatasi ya chooni tangu Septemba (familia ya watu watano haikosi). Kwenye kila kimoja kata jozi ya macho, mengine ya mviringo, mengine yaliyofinywa kwa hasira. Ingiza ndani taa ndogo ya betri au kijiti kile cha plastiki kinachowaka ukikivunja, ziba ncha kwa selotepu nyeusi, visukume ndani ya vichaka na ua. Mchana hakuna anayeviona. Giza likiingia kichaka kinafumbua macho ishirini. Na majani makavu yaliyoanguka njiani usiyafagie wiki hiyo. Mlio wa nyayo juu yake ni sauti ya bure, na jirani anayekuona mvivu atakusamehe tarehe mosi.

Mzuka nao unataka wanga. Nasema wanga wa kutilia nguo, si wale wanga wa usiku, ingawa safari hii wote wamo kazini. Pima vijiko vitatu vya chakula vya wanga wa mahindi, ule mweupe laini kama poda, uvuruge katika nusu kikombe cha maji baridi, umimine kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, koroga mpaka uone maji yamegeuka mazito na kung'aa. Nasisitiza wanga kwa sababu mwaka mmoja uliniishia nikachukua sembe. Nilipata ugali uliovaa shashi.

Simamisha chupa ya lita mbili yenye maji ndani, juu yake weka mpira, pembeni toa mikono kwa waya wa henga, funika yote kwa plastiki nyembamba. Chovya shashi nyeupe, kipande cha kama nusu mita mraba au zaidi, ikamue kidogo, itandaze juu ya mpira ianguke yenyewe. Ongeza tabaka la pili na la tatu, kila moja likielekea upande wake, na mikunjo usiinyooshe. Mikunjo ndiyo mzuka. Iache ilale usiku kucha. Asubuhi chomoa chupa, mpira na plastiki, na shashi inabaki imesimama juu ya hewa, imefunika mtu asiyekuwepo. Itundike kwa ule ule mshipi. Chini yake weka tochi inayotazama juu: mwanga unaotoka chini hugeuza kitu chochote kiwe cha kutisha, na kivuli chake juu ya ukuta huwa kikubwa mara mbili. Usiitundike ambako mvua itaifikia. Wanga ukilowa, mzuka unakuwa kitambaa cha kupangusia meza.

Boga nimelichelewesha makusudi, maana kila mtu hulikimbilia. Watu wa Ireland na Scotland walikuwa wakichonga mboga za mizizi zenye nyama ngumu. Wahamiaji wao walipofika Marekani wakakuta boga, kubwa, laini, tayari na uwazi tumboni. Aliyewahi kujaribu kuchimba mzizi mgumu kwa kijiko anaelewa kwa nini hawakurudi nyuma. Ukienda sokoni au shambani jua kwamba boga la kuchonga si la kula: lile kubwa la rangi ya machungwa lina nyama nyembamba yenye maji na nyuzi, la kupika ni dogo na zito. Hili nilimweleza mama, kwa sababu simu ya pili ilikuwa ya boga. "Mnalitoboa macho halafu mnalitupa? Huko nazi hakuna?" Nazi ipo, mama, ila hili hata kwa nazi halitakuwa futari. Mbegu lakini hatutupi. Zinaoshwa, zinakaushwa, zinatiwa chumvi na kuokwa mpaka zigeuke rangi kidogo.

Chagua boga lenye kikonyo kigumu na usilibebe kwa kikonyo hicho. Kikivunjika, uozo umepata mlango. Na wengi hukata kifuniko juu, kuzunguka kikonyo. Mimi nakata tundu chini au mgongoni. Kifuniko cha juu hunyauka baada ya siku mbili kikatumbukia ndani, lakini lililokatwa chini unalikalisha juu ya taa yake kama kawa. Komba ndani kwa kijiko kikubwa mpaka ukuta wa mbele, upande wa uso, ubaki unene wa kama sentimita mbili na nusu. Mzito zaidi ya hapo unameza mwanga.

Uso uchore kwenye karatasi kwanza, uibandike, toboa mistari kwa msumari, kisha kata kwa kisu kidogo cha msumeno. Kile kisu kikubwa cha jikoni kiache; ndicho kinachopeleka watu hospitali na vidole vilivyofungwa taulo. Anza na matundu madogo ya katikati, mdomo uwe wa mwisho, la sivyo boga linalegea kabla hujafika machoni. Chora makubwa. Kope na mikunjo ya uso unayoona mezani hupotea ukifika getini; macho mawili makubwa na mdomo wenye meno matatu huonekana hadi mwisho wa mtaa.

Ukimaliza, lioshe kwa maji yenye jiki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne, lipanguse, kingo zilizokatwa zipake mafuta ya mgando zisikauke. Usichonge mapema kupita siku tatu au nne kabla. Baridi ya kugandisha ikitabiriwa, liingize ndani, kwa kuwa boga lililoganda likiyeyuka linageuka rojo. Kindi watalimega hata hivyo. Nilijaribu pilipili; kindi wa Iowa wana tumbo la kwetu.

Ndani weka taa mbili ndogo za betri, zenye mwanga wa njano. Mshumaa sitaki kuuona barazani. Shashi, khanga na pamba yoyote hushika moto upesi, nailoni huyeyuka juu ya ngozi, na mlangoni pako watapita watoto hamsini wenye mabawa na mikia wasiyoizoea.

Ukitaka kuongeza boga moja, lipake rangi ya bluu iliyochanganyika na kijani. Tangu kampeni ya mwaka 2014 nchini kote, rangi hiyo mlangoni inawaambia wazazi kwamba una vitu visivyo chakula, penseli au vibandiko, kwa watoto ambao karanga na maziwa huwadhuru.

Kuna mapambo sitengenezi. Makaburi ya povu na maiti za kuning'inia zinauzwa kila duka, na nyumba nyingi wanaziweka bila nia mbaya. Mtaani kwetu kuna majirani waliotoka Kivu wakiwa wamezika watu kwa mikono yao. Buibui, popo, macho kichakani vinatisha vya kutosha. Wala simvishi mtoto kabila la mtu. Mwaka mmoja nilimwona kijana kajifunga shuka jekundu na fimbo mkononi, akijiita shujaa wa Afrika. Niliimeza, lakini haikushuka.

Na nyumba ambazo sikukuu hii haiingii kabisa, za Waislamu wenzangu na za Wakristo vilevile, sina ugomvi nazo. Jina lake ni la Kikristo, mkesha wa Watakatifu Wote wa tarehe 1 Novemba, lakini uliangukia majira yale yale ya Samhain, Waselti walipofunga mavuno na kuukaribisha msimu wa giza, na kila mzazi ana mahali pake pa kuchora mstari. Asiyetaka mizuka achukue maboga bila macho, mahindi makavu na majani mekundu. Shule nyingi hufanya hivyo, wanaita sherehe ya mavuno.

Lipo jambo la mwisho la kuandaa, nalo halishonwi. Des Moines mtoto hapewi peremende kwa kunyoosha mfuko tu. Lazima kwanza atoe kichekesho. Watoto wetu wageni hukwama hapa, maana vichekesho vya Kiingereza huchezea maneno ambayo hawajayazoea. Wangu niliwapa vitendawili, wakafasiri wenyewe. Nilisimama kwenye njia ya magari ya mzee mmoja nikimsikiliza buibui wangu akimwambia kwamba ana nyumba isiyo na mlango. Mzee alifikiri mpaka foleni ikafika barabarani. Mtoto alipomwambia ni yai, alimpa peremende mbili.

Usiku ule ule, kwetu Tanga alfajiri, nilimtumia mama picha: mikono juu, miguu yote imeinuka, pete zinang'aa. Alikaa nayo muda. Kisha akapiga.

"Nimeliona buibui lako," alisema. "Si haba. Limemsitiri miguu. Yote minane."